Spa Zimefika Soko la Toi: Anayeingia Mara ya Kwanza Atarajie Nini?

Ukimtajia mtu wa Pwani Soko la Toi, jambo la kwanza litakalomjia akilini ni mitumba. Na ana haki. Mimi pia ni mteja wa soko hilo la pembezoni mwa Kibera, karibu na Adams kwenye barabara ya Ngong. Kila nikija Nairobi sharti nipite kuchagua viatu na magauni ya kurudi nayo Mombasa. Lakini katika safari zangu za karibuni nimeona vibao vya aina nyingine vikizidi kati ya nguo zinazoning'inia na ndani ya vichochoro vinavyoelekea Makina: kinyozi na spa, masaji, kucha na uso, mvuke. Jambo tulilozoea kulihusisha na hoteli za kitalii za Diani na Nyali sasa linauzwa kwenye kibanda cha mabati, mlango wa pili kutoka kwa muuza jinzi.

Vijana wetu walioko Nairobi kwa masomo na kazi, wengi wao wakiishi Kibera na Kawangware kwa sababu ndiko kodi inakolipika, wameanza kuniuliza: niende? Nikienda nitafanywa nini? Nitavua nguo zote? Ni aibu? Mtaani nasikia majibu mawili ya haraka. La kwanza, spa ni mambo ya matajiri na kupoteza pesa. La pili, spa ni jina la heshima la danguro. Yote mawili yanamwacha muulizaji palepale alipokuwa, kwani mwisho wa siku ataingia tu, tena akiwa hajui chochote. Afya yake, heshima yake na riziki ya anayemhudumia vyote vimo ndani ya chumba kile kidogo. Kwa hivyo tulizungumze kama watu wazima.

Tuanze na kwa nini biashara hii imefika Toi. Soko hili limezoea kuanguka na kuinuka. Mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, liliharibiwa kabisa na wafanyabiashara wakalijenga upya. Machi 2019 likateketea. Oktoba 2024 moto ukazuka tena, na safari hiyo watu wakapoteza maisha. Mwenye robota la nguo akiunguliwa, mtaji wote umekwenda pamoja na moshi. Lakini anayejua kukanda mwili, kusuka na kutengeneza kucha ana mtaji mikononi mwake. Kesho yake anaweza kuanza na kiti kimoja, beseni na chupa ya mafuta. Ongeza na malipo kwa simu, ambayo tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 yamemwezesha mtu mwenye kibanda kidogo kabisa kupokea pesa bila droo wala keshia, na utaelewa kwa nini kina dada wengi wamehamia huku. Ni watu wanaotafuta kazi ambayo moto hauwezi kuila yote.

Sisi wa Pwani tusijifanye wageni wa mambo haya. Kabla ya neno spa kufika, bi harusi wetu alikuwa akisingwa kwa singo siku kadhaa kabla ya arusi, akipakwa liwa, akifukizwa udi, akichorwa hina. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto siku arubaini. Zanzibar, katika mtaa unaoitwa Hamamni hadi leo, Sultani Barghash bin Said aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 alijenga hamamu ya umma yenye vyumba vya maji ya moto na ya baridi, na mahali pa kunyolewa. Watu walilipa wakaingia. Hiyo ni spa, tena imejengwa kabla reli haijafika mahali ambapo baadaye paliitwa Nairobi.

Tofauti iko mahali pengine. Somo aliyekusinga Mombasa au Lamu ulimjua, na mama yako alimjua mama yake. Akikuunguza kwa dawa au akitoa siri ya mwili wako nje, mtaa mzima ungejua na hangeitwa tena. Kujuana kule ndiko kulikuwa leseni yake. Toi hakuna anayekujua na humjui anayekushika mguu. Kilichobaki cha kukulinda ni maswali yako, macho yako na sheria. Ndiyo maana anayekwenda mara ya kwanza ni bora aende akijua utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ukifika, kwanza utazame orodha ya huduma na bei. Mahali pazuri huiweka ubaoni au ukutani. Ikiwa bei inatajwa tu mdomoni, kubalianeni kabla hujakaa, na uulize kama mafuta, skrabu na barakoa ya uso vimo ndani ya bei hiyo. Ugomvi mwingi wa saluni hutokana na «hiyo ilikuwa ya ziada». Chagua huduma moja, usichukue tano kwa siku ya kwanza. Kukandwa mgongo na mabega, au miguu tu, ni mwanzo unaotosha.

Kisha wewe unapaswa kuulizwa maswali. Mhudumu anayeijua kazi yake atataka kujua kama una mimba, presha, sukari, ugonjwa wa moyo, kidonda, homa, au kama ulifanyiwa upasuaji karibuni. Asipouliza, mwambie wewe mwenyewe. Haya si maneno ya kujaza nafasi. Mguu mmoja ukiwa umevimba ghafla na unauma, usikandwe, nenda hospitali, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda mshipani na kukandwa kunaweza kuisukuma hadi mapafuni. Mwenye sukari huenda miguu yake imepungukiwa na hisia. Maji yanayomchoma hatayasikia. Ayapime kwa kiwiko au amwachie mtu mwingine ayapime, na asikubali kukwanguliwa nyayo kwa wembe. Mjamzito na mwenye presha isiyotulia wakae mbali na chumba cha mvuke mpaka daktari awaruhusu.

Mvuke wenyewe uutazame unakotoka. Ikiwa ni jiko la mkaa lililowekwa ndani ya chumba kilichozibwa kwa turubai, usiingie. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu huku akidhani ni usingizi tu. Na katika soko lenye historia ya moto kama Toi, mtungi wa gesi au jiko lililoachwa nyuma ya pazia si hatari yako peke yako, ni hatari ya safu nzima. Jua njia ya kutokea kabla hujalala kifudifudi.

Ukija kwenye kukandwa, utaombwa kuvua kiasi kinachohitajika kwa huduma uliyochagua. Hakuna sheria ya kuvua zote. Ukikandwa miguu, suruali hukunjwa. Ukikandwa mgongo, utaachwa peke yako uvue ya juu, ulale, ujifunike taulo au leso, na mhudumu abishe hodi kabla ya kurudi. Hufunuliwa sehemu inayoshughulikiwa, nyingine zote zikabaki zimefunikwa. Ukitaka kuhudumiwa na mwanamke mwenzio, au mwanamume na mwanamume mwenzake, sema mapema. Si ombi la ajabu, na mahali ambapo wateja wengi wanatoka Makina, ambako Wanubi Waislamu wameishi tangu mwanzo wa karne ya 20, limezoeleka. Akikubana kupita kiasi mwambie apunguze. Maumivu makali si dalili kwamba dawa inaingia.

Sasa tufike kwenye jambo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni vifaa. Nimekaa katika vibanda kadhaa nikingoja zamu, na mara kwa mara nimeona mkasi mmoja wa kucha ukitoka kwa mteja huyu kwenda kwa yule, katikati umefutwa tu kwa pamba yenye spiriti. Kwa vinyozi nimeona mashine zikitiwa ndani ya kile kisanduku chenye mwanga wa buluu, mteja akaridhika kwa kuona taa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwanga ule haufiki kwenye upande uliojificha wala chini ya uchafu ulioganda, na kufuta haraka hakutoshi kwa kifaa kilichogusa damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili wa binadamu kwa muda usiopungua siku 7 na bado vikaambukiza. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maana yake, wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatuna kinga hiyo isipokuwa tuliitafuta wenyewe.

Kifanyike nini? Kifaa cha chuma kioshwe kwanza kwa sabuni na brashi, kisha kichemshwe kwa mvuke wa shinikizo kama hospitali zinavyofanya, au kiloweshwe kwenye dawa kali kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Wembe ufunguliwe mbele yako na utupwe mbele yako. Kama huoni haya yakifanyika, iko njia rahisi: nunua kikata kucha, tupa na jiwe la kusugulia miguu, uende navyo kwenye mfuko wako. Hakuna mhudumu mwenye akili atakayeudhika. Taulo pia iwe imefuliwa. Ikiwa na unyevu wa mtu aliyetangulia, toa leso yako.

Baada ya miguu, utashawishiwa uso. Kusafishwa uso kwa kitu kisichokwaruza hakuna neno. Tatizo huja inapotolewa krimu isiyo na jina, imetiwa ndani ya kopo dogo, ukaambiwa itakutoa madoa kwa wiki moja. Krimu nyingi za kujichubua zimepatikana zikiwa na zebaki au hidrokwinoni. Zebaki huharibu figo, na mama huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013, ambao Kenya ni mwanachama wake, unapiga vita vipodozi vyenye zebaki, lakini mkataba uliotiwa saini mbali hauwezi kukamata kopo lililojazwa nyuma ya pazia. Kanuni yangu ni fupi: kisicho na lebo inayotaja vilivyomo na aliyekitengeneza, hakipiti usoni kwangu.

Hapa na sisi wa Pwani tujitazame, maana tunaipeleka Nairobi hina yetu. Hina ya majani, ile nyekundu, haina shida kwa watu wengi. Piko nyeusi ni habari nyingine. Mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo Ulaya hairuhusiwi kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Wapo wanaotoka malengelenge na makovu, na mwili ukishaikataa mara moja huweza kuikataa maisha yote, hata kwenye rangi ya nywele ya uzeeni. Binti akichorwa Toi na dada wa Kimombasa asiridhike kwa kuwa mchoraji ni wa kwao. Auulize unga umetiwa nini.

Nirudi kwenye lile jibu la pili la mtaani, kwamba spa ni danguro. Wapo wanaotumia neno masaji kuficha biashara nyingine, na dalili zake ni nyepesi kuziona: hakuna orodha ya huduma, mlango umefungwa kwa ndani, bei inabadilika ukiwa umeshalala, na maswali ni ya kukudokeza. Ukiona hivyo inuka uondoke. Una haki ya kusimamisha huduma dakika yoyote. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kupata habari anazohitaji, na ulinzi wa afya na usalama wake. Na mtu yeyote akikugusa sehemu za siri bila ridhaa yako, hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, liwe limetendeka hotelini au kibandani.

Lakini jina hili baya hubebwa zaidi na mhudumu kuliko mteja. Wasichana niliozungumza nao Toi waliniambia kwamba usumbufu mkubwa hutoka kwa wateja wanaume wanaodhani aliyelipia mgongo amenunua mtu. Nikaitazama sheria. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinazungumzia unyanyasaji wa kijinsia kazini, lakini kinamtaja mwajiri, mwakilishi wa mwajiri na mfanyakazi mwenza. Mteja hamo. Na wajibu wa kuandika sera dhidi ya unyanyasaji umewekwa kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Kibanda cha Toi kina viti viwili au vitatu. Kwa maneno mengine, msichana aliye peke yake na mteja nyuma ya pazia, anayehitaji ulinzi zaidi, ndiye kifungu hicho hakimfikii. Akienda polisi chini ya sheria ya makosa ya kijinsia, jambo la kwanza atakaloulizwa ni anafanya kazi gani, na neno masaji litamhukumu kabla hajamaliza sentensi.

Na mfuko wake? Wengi niliowauliza hawana mshahara. Hugawana na mwenye kibanda kila wanachopata, na siku ya mvua ambayo soko halina watu hurudi nyumbani Kibera au Kawangware mikono mitupu. Kwa hiyo mteja anapobembeleza bei ishuke mpaka chini kabisa, ajue kinachokatwa ni nini. Atakatiwa wembe mpya, dawa ya kuloweka na taulo safi. Bei ya haki hununua usafi. Na bahasha ndogo ya shukrani, ukiweza, mpe mkononi aliyekuhudumia.

Tunachopaswa kudai hakihitaji bunge jipya. Serikali ya Kaunti ya Nairobi inatoza leseni za biashara. Basi leseni ya spa iambatane na ukaguzi wa vifaa na mafunzo mafupi ya usafi, yatolewe sokoni kwenyewe, kwa Kiswahili, kwa bei ambayo mwenye viti viwili ataimudu. Ukaguzi usiwe kisingizio cha kuvunja vibanda, kwani watu wa Toi wamevunjiwa na kuunguliwa vya kutosha. Wakiwa na hakika ya mahali walipo, watanunua kifaa cha kuchemshia vyuma. Asiyejua kama kesho kibanda kitakuwapo hununua beseni tu. Wafanyabiashara wa soko hili waliwahi kujipanga kwa vikundi vya akiba ya kila siku na kujenga upya baada ya 2008. Kikundi cha aina hiyo kinaweza kununua mashine moja ya kusafishia vifaa ikatumiwa na safu nzima. Na Bunge, siku litakapoifungua tena Sheria ya Ajira, liongeze neno moja tu kwenye kifungu cha 6: mteja.

Kwa kina mama na kina dada wa Pwani, naona nafasi. Singo, liwa, asmini na udi ni elimu tuliyo nayo, na Nairobi inazinunua kutoka kwa watu wasiojua hata majina yake. Lakini tusipeleke manukato tukaiacha nyumbani adabu iliyofuatana nayo. Somo wa zamani alijua mwili wa mtu ni amana. Alijua nini cha kumuuliza mwari, nini cha kufunika, nini cha kunyamazia.

Basi kijana anayeniuliza kama aende, namjibu: nenda, si dhambi kuupumzisha mwili uliochoka. Nenda mchana, na mwenzio ikiwezekana, ukiwa na kikata kucha chako na leso yako. Uliza bei, uliza dawa, uliza kifaa kimeoshwa vipi. Na ukishalala pale, kumbuka kwamba aliyekushika mabega naye ni binti wa watu.